Hodi ya Tatu

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Binti yangu Lubna, aliyeolewa Uvira, amenitumia daftari hili na ujumbe kwamba niandike badala ya kumgombeza baba yake. Nitafanya yote mawili.

Mvua imeanza leo. Mtaro wa mbele ya nyumba yetu hapa Buyenzi umejaa mpaka barazani. Huko milimani, waasi na jeshi wanakopigana, hakuna anayepanda bila sababu kubwa, na barabara ya kusini magari yanapigwa risasi mchana kweupe. Limebaki ziwa. Sulemani mume wangu, aliye msimamizi wa wapagazi bandarini, anasema mji huu ni chupa na ziwa ndilo kizibo. Nimemwambia aache mashairi, akazibue mtaro.

Alhamisi, 7 Oktoba

Siku ya studio, tunarekodi. Niandike kazi yangu ni ipi, maana nusu ya majirani wanadhani naenda kule kufagia.

Kuna mchezo wa redio uitwao "Nyumba ya Milango Miwili", kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu jioni, na marudio Jumanne. Ndugu wawili wamegombana, wakaigawa nyumba ya baba yao kwa ukuta. Kila jioni mdogo anakwenda kugonga mlango wa mkubwa, na mkubwa hafungui. Nchi nzima inangoja afungue. Callixte, anayeuandika na kuuongoza, amenidokeza kwamba atafungua Januari, na nikimwambia mtu nimekwisha kazi.

Waigizaji wanasema. Yote mengine ni mimi. Mvua ni maharagwe juu ya ungo. Nyayo ni viatu vya Sulemani kwenye beseni la changarawe. Ngurumo ni bati. Mlango ni mlango kweli, unanifika kiunoni, Sulemani aliuunda kwa mbao za makasha, una bawaba mbili na komeo la chuma.

Nagonga mara tatu. Hakuna aliyeniamuru. Nimelelewa hivyo: unabisha hodi tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka, wala hununi. Bibi yangu alikuwa akinifinya sikio nikigonga ya nne. Kwa hiyo yule mdogo wa mchezo, ingawa ni Mkristo wa kilimani, anagonga kama mtoto wa Buyenzi.

Maharagwe ya mvua nanunua kwa Mathilde, mama wa mtaa wa Cibitoke anayepanga mboga zake langoni kwangu kila asubuhi. Leo ameniuliza:

"Mama Lubna, ile maharagi yangu unakulaka ao unachezaka nayo?"

"Nanyeshea mvua."

"Basi ambia mvua yako ipunguze. Nimepanda yangu kule mulimani, ikioza nitakula nini?"

Shamba lake liko juu kabisa. Alipanda mwezi uliopita kwa kujiiba, siku mbili, akashuka. Atavuna Desemba, akipata njia. Tulicheka tu.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mvua. Sulemani hajazibua mtaro.

Alhamisi, 14 Oktoba

Mlango wangu wa studio umevimba kwa unyevu. Nilipogonga hodi ya pili bawaba ya juu ikachomoka, ikabidi niudake kwa magoti. Umeme ulikuwa karibu kukatika, Callixte akasema tuache hivyo hivyo. Kwa hiyo Jumamosi mdogo atagonga mara mbili tu. Imeniudhi, kazi yangu si ya kuchechemea.

Jumapili, 17 Oktoba

Jana, baada ya mchezo, yalianguka makombora matatu kutoka milimani. Moja mtaa wa pili kutoka hapa. Wamekufa watu wanne.

Asubuhi nilikuta kundi mbele ya kibanda cha Hamissi, fundi redio wa ng'ambo ya barabara. Hamissi ni mtu mwema mwenye tabia moja mbaya: anapenda kujua kabla ya wengine. Alikuwa amesimama juu ya kreti la bia.

"Mara mbili!" anasema. "Tangu mwaka jana yule mutu anagongaka mara tatu. Jana mara mbili. Halafu mabombe. Mutaniambia ni bure?"

Nilicheka kwa sauti. Nikawaeleza bawaba, magoti, unyevu. Walinisikiliza kwa adabu, kama wanavyomsikiliza mgonjwa wa homa.

Jumanne, 19 Oktoba

Mvua. Imerudiwa sehemu ileile ya hodi mbili. Barabara yote ilikuwa kimya, watu chini ya vitanda. Hakuna kombora lililoanguka. Hamissi anasema ni kwa sababu tulijificha.

Alhamisi, 28 Oktoba

Bawaba imepona. Hodi tatu.

Jumatano, 3 Novemba

Hamissi sasa ana daftari kubwa kuliko langu. Ameandika hodi, jogoo, mvua, kikohozi cha kaka mkubwa. Hodi mbili: kaa ndani. Hodi tatu: ngoja. Na siku komeo litakapovutwa, njia imefunguka, mwenye safari aende. Watu wanakuja mpaka kutoka Cibitoke, mafundi seremala na wauza mkaa, kumuuliza. Hatozi chochote. Hilo ndilo linalowafanya wamwamini zaidi.

Nimekwenda kumshika shati.

"Hamissi, ni mi nagongaka! Na mukono hii!"

"Mama Lubna, sikatai. Lakini nani anakuandikia mara ngapi?"

"Hakuna mutu. Callixte anaandika tu 'anagonga'."

"Na Callixte, nani anamuandikia?"

 Simjui mtu anayemwamuru Callixte zaidi ya mke wake.

"Unaona?" akasema kwa upole, kama ananipa pole ya msiba. "We wanakutumia tu, na hauna habari."

Nimerudi nyumbani kwa hasira. Miaka yote nilitaka watu wasikilize kazi yangu kwa makini. Haya, sasa wanaisikiliza.

Jumapili, 7 Novemba

Niandike juu ya Spéciose, maana yeye ndiye anayeninyima raha.

Anapanga chumba chetu cha uani na mtoto wake Christa, miaka minane. Ni karani wa ofisi moja kule Kigobe. Mumewe Bonfils alivuka kwenda Kigoma mwaka juzi, amepata kazi na nyumba, kila mwezi anatuma neno: njooni. Mimi na Spéciose si dini moja wala hatukuzaliwa mtaa mmoja, lakini nilipougua malaria yeye ndiye aliyenilisha kwa kijiko.

Wiki iliyopita karani mwenzake aliitwa nje ya ofisi saa nne asubuhi na watu wawili asiowajua. Koti lake bado liko kwenye kiti. Siku iliyofuata Spéciose alikuta karatasi mezani kwake, na juu yake jina lake mwenyewe tu, bila neno jingine. Amenionyesha. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma.

Nilimwambia, ondoka. Sulemani atakutafutia nafasi kwenye boti ya mizigo.

"Nitaenda, Mama Lubna. Lakini si kila siku ni nzuri ku ziwa. Ile boti ya Septemba walipiga bunduki juu yake. Ninangojea."

"Unangojea nini?"

Akaitazama redio. Nikaelewa. Mwanamke aliyesoma kunizidi, anayepiga chapa barua za wakubwa, anangoja komeo langu.

Alhamisi, 11 Novemba

Callixte hakucheka leo. Kuna mtu mkubwa amempigia simu kuuliza nani anaamua idadi ya hodi. Tangu sasa ni tatu, siku zote tatu, imepigwa mstari mwekundu kwenye maandishi ya mchezo. "Mbili usisubutu, Zubeda. Mi niko na watoto."

Jumamosi, 13 Novemba

Hamissi amepata habari ya mstari mwekundu, sijui kwa nani. Anasema, mnaona sasa kama nilidanganya? Kama hodi hazina kitu, kwa nini wakubwa wanazihesabu?

Na mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika moja nzima nilikaa jikoni nikijiuliza kama bawaba ile ilichomoka yenyewe.

Ijumaa, 19 Novemba

Mvua siku ya nane. Unga umeota ukungu. Mathilde anasema maharagwe yake yamekwisha toa maganda, kaambiwa na mtu aliyeshuka. "Yananiita," anasema. Nimenunua lengalenga, mchicha wa huku.

Jumanne, 23 Novemba

Makombora tena, upande wa kaskazini. Jumamosi hodi zilikuwa tatu. Nilikimbia kwa Hamissi, karibu nifurahi. Kumbe ameshapata jibu: ilikuwa hodi ya tatu ile, lakini hafifu.

Jumapili, 28 Novemba

Sulemani amerudi na sura ya mtu mwenye habari. Boti itaondoka Jumatatu ya tarehe 6 alfajiri kwenda Kigoma na chupa tupu na mafuta ya mawese. Nahodha anamjua tangu ujana. Atamficha Spéciose na mtoto kati ya mapipa. Baada ya safari hiyo boti inapandishwa nchi kavu kutengenezwa mpaka Machi.

Tulimwita Spéciose, tukafunga mlango. Alilia, akambusu Sulemani mkono, jambo lililomfanya mzee wa watu akohoe. Kisha akauliza: "Na komeo?"

Sulemani alitoka nje ili asitukane. Mimi nilibaki. Nilimlazimisha anitazame.

"Mama Christa. Ni mi. Kipande ya chuma. Baba Lubna aliitoa ku kasha ya sabuni."

"Écoute, sikiliza, ninajua ni we unagonga. Lakini Mungu akitaka kunisemesha, atapitia wapi? Mi sina nabii. Niko na radio tu." Akashika mikono yangu. "Nilimupoteza dada yangu juu ya kusafiri siku mbaya. Komeo haijavutwa, mi siendi."

Wamemtafuta mara mbili ofisini wiki hii. Amekuwa akijifungia chooni.

Jumatano, 1 Desemba

Sijalala vizuri. Christa anacheza uani na wanasesere wa mabua. Mmoja anagonga, mwingine hafungui.

Alhamisi, 2 Desemba

Nimefanya.

Umeme ulirudi saa kumi kasoro dakika tano, studio inafungwa kumi na nusu. Callixte akasema tunachukua mara moja, hakuna kurudia. Mvua, nyayo, hodi. Moja, mbili, tatu. Mdogo akaanza kusema maneno yake ya kuomba, na chini ya maneno yake, mkono wa kushoto ukimwaga maharagwe, wa kulia ukavuta komeo. Polepole. Lilitoa mlio wake wote, ule wa kutu na ule wa kugonga mwisho.

Callixte aliinua kichwa nyuma ya kioo. Akatazama saa. Akaweka kidole gumba juu.

Nimetembea mpaka nyumbani kwenye mvua bila mwavuli. Sikuogopa, nilifurahi. Nilijisemea: wameniambia tangu Oktoba kwamba mkono huu si wangu, basi leo umekuwa wangu.

Jumamosi, 4 Desemba

Tulisikiliza uani: mimi, Sulemani, Spéciose, Christa. Mlio ulipotoka Christa ndiye aliyesimama kwanza. Kisha nikasikia barabara nzima ikipiga kelele, kutoka kwa Hamissi mpaka sokoni, kama timu yetu imefunga bao. Watu wanakumbatiana kwenye matope. Hamissi alikuwa analia. Spéciose alipiga magoti pale pale penye dimbwi.

Sulemani alinitazama tu. Ananijua miaka ishirini na sita. "Ulifanya nini, Zubeda?" Nikamwambia nimefanya kazi.

Jumatatu, 6 Desemba, saa tatu asubuhi

Wameondoka. Sulemani aliiona boti ikipita jahazi bovu la mlango wa bandari, ikaingia ndani ya mvua. Christa amemwachia Sulemani mwanasesere mmoja, yule wa kufungua mlango.

Nimefagia chumba chao. Nimeimba. Sasa naandika barazani, mvua imekatika, jua limetoka, na nashangaa kwa nini langoni kweupe.

Mathilde hajaja.

Saa nane mchana

Nimekwenda mpaka Cibitoke kwa miguu. Binti yake Béatrice, ambaye anashona nguo pale karibu na mafundi seremala, alinipokea kwa furaha, akanipa kiti. Mama yake alipanda mlimani jana alfajiri na wanawake wawili, na magunia.

"Alisikia komeo ku radio ya voisin, jirani yetu," Béatrice akasema. "Alicheka! Akasema, njia imefunguka, maharagi yangu haitaoza tena. Atarudi leo mangaribi."

Nilikuwa nimemsahau. Miezi miwili mwanamke yule ananiambia maharagwe yake kila asubuhi, na mimi nilipovuta komeo nilimwona mtu mmoja tu akitoka. Nilidhani nafungua mlango wa chumba changu cha uani. Sikuwaza kwamba nauvuta mji mzima.

Sikumwambia Béatrice kitu. Nilikunywa maji yake nikaaga.

Jumanne, 7 Desemba

Wanawake wawili wamerudi. Walikuwa watatu. Walikuwa shambani milio ya bunduki ilipoanza, huku na huku, nao katikati. Mathilde hakutaka kuacha gunia. Hawakumwona tena.

Mchezo umerudiwa jioni, na komeo lake. Nilikwenda kusimama chooni, nikaziba masikio.

Jumatano, 8 Desemba

Hamissi anasema komeo lilikuwa la wanaosafiri kwa maji. Wa nchi kavu hawakusikiliza vizuri.

Nilimpiga kofi. Mbele ya watu. Akashika shavu, akaniambia anajua ni uchungu. Hakukasirika hata kidogo, na hapo ndipo nilipolia.

Alhamisi, 9 Desemba

Ramadhani ya kwanza. Nimemwambia Callixte naumwa.

Ijumaa, 10 Desemba

Mvua.

Jumanne, 14 Desemba

Nahodha amerudi kwa boti nyingine, ameleta barua. Wamefika salama. Bonfils aliwangoja ufukweni siku mbili. Christa anakwenda shule. Spéciose ameandika: "Mama Lubna, najua wewe huamini, lakini Mungu alilivuta lile komeo, na mkono wako ulikuwa karibu tu."

Nimeisoma mara nne. Ni barua niliyoiomba kwa Mungu, na imekuja, na siwezi kuifurahia. Nikiulizwa leo, Zubeda, ungeacha kulivuta? Christa angekuwa wapi? Nazunguka humo humo tangu asubuhi, sipati pa kutokea. Sulemani anasema nile kitu, magharibi imeingia.

Jumamosi, 18 Desemba

Béatrice amekuja. Amekonda. Alileta mfuko mdogo wa maharagwe, mapya, bado yana harufu ya ganda: mmoja wa wale wanawake wawili alishuka na kidogo cha mama yake. "Mama alisemaka ni yako. Ya mvua."

Akakaa pale pale Mathilde alipokuwa akipanga mboga. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Mama Lubna, we unatumika kule ku studio. Atarudi lini? Hamissi anasema jogoo akiwika kwanza, halafu hodi, ni mutu anarudi ku nyumba. Kuna jogoo hii wiki?"

Nikamwambia. Yote. Boti, Spéciose, mkono wa kushoto na mkono wa kulia. Nilimwambia hakuna Mungu pale wala mkubwa wala jeshi, ni mimi, na nilimsahau mama yake. Nilitaka anitemee mate. Nilitaka mtu mmoja katika mji huu aniamini.

Alikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua. Alikuwa ameniamini. Niliona usoni.

"Donc, basi ni we," akasema.

"Ni mi."

"Ni mukono yako njo ilimutuma."

"Ndiyo, njo hivyo, mwanangu."

"Basi mukono yako imurudishe." Akasimama. "Jeudi, ile siku ya studio, ugonge tena. Ugonge vizuri. Jumamosi mi nitakuwa ku radio."

Nikamwambia haiwezekani, si hivyo mambo yalivyo. Lakini alikuwa amekwisha fika barabarani, na hatua zake zilikuwa nyepesi kuliko alipokuja.

Alhamisi, 23 Desemba

Nimekwenda studio. Callixte alifurahi kuniona, msichana aliyenishikia nafasi alikuwa anapiga mvua kama anapepeta mchele.

Nilimwaga maharagwe ya Mathilde kwenye ungo. Yana sauti nyingine, ni mabichi, mvua yake ni nzito. Nyayo. Kisha mlango, maana komeo limevutwa lakini Callixte hajamruhusu mkubwa afungue mpaka Januari. Moja. Mbili. Tatu.

Hapo ndipo mtu anageuka na kurudi alikotoka. Nilisikia sikio langu likiuma pale bibi alipokuwa akinifinya. Nikagonga ya nne. Mwigizaji akakatiza maneno yake, akanitazama. Nikagonga ya tano. Callixte alikuwa amesimama nyuma ya kioo, ananipungia mikono miwili, mdomo wake unasema niache, niache, na mkono ulikuwa bado unagonga.